Huyu Avu ni nani?

Juma lililopita nilipanda basi kutoka Likasi kwenda Lubumbashi, kilometa kama 120. Tulipokaribia Lwisha, simu yangu ikalia. Alikuwa mdogo wangu wa Kolwezi. Mtandao ulikuwa unakatika-katika, nami nikapaza sauti kama watu wote wa rika langu, tunaoamini kwamba aliye mbali lazima apigiwe kelele.

"Mama amepona kidogo! Avu!"

Nikanyamaza nikisubiri.

"Hapana, nitafika saa kumi! Avu!"

Dereva akaniangalia kwenye kioo. Msichana aliyekaa pembeni yangu, mwenye nywele zilizosukwa vizuri na simu mbili mkononi, alingoja nimalize, kisha akauliza kwa adabu: "Baba, samahani. Huyu Avu njo nani?"

Nikaona aibu. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilidhani ugonjwa ule umenitoka. Kumbe umejificha tu, unangoja mtandao mbaya.

Avu si mtu. Ni Kifaransa cha "à vous", yaani zamu yako, na tulikisema hivyo kila siku kwenye foni. Nyinyi mliozaliwa na simu mfukoni hamkuiona. Kabla simu za mkononi hazijatufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, simu za nyaya zilikuwa zimekufa zamani, na aliyetaka kuongea na mtu wa Kolwezi, Kamina au Mbuji-Mayi alikwenda foni. Ile yetu ilikuwa Kikula, mjini Likasi: chumba kimoja, mashine nyeusi ya redio juu ya meza, betri ya gari chini ya meza, na waya uliotoka dirishani ukapanda hadi kwenye miti miwili mirefu uani. Opereta alikuwa na kalamu ya Bic sikioni na daftari la shule alimoandika dakika za kila mtu. Sisi tulikaa kwenye benchi tukisubiri zamu.

Sheria ilikuwa moja. Bonyeza kitufe cha maikrofoni, sema, maliza na "avu", achia. Ukiwa umebonyeza, husikii kitu, na mwenzako hawezi kukukatiza. Nilimwona mama mmoja akimgombeza mwanawe wa Kamina dakika tatu nzima bila kuachia kidole. Alilipa, akafunga kikwembe chake vizuri, akatuambia sisi wa benchi: "Leo ameshika adabu. Hajanijibu hata neno moja."

Na benchi lilisikia yote. Mahari, madeni, nani ana mimba, nani amekimbia na feza ya kikundi. Kwetu redioni tulikuwa na michezo ya Mufwankolo, iliyochekesha Katanga nzima kwa Kiswahili chetu, lakini nakuambia, benchi la foni liliishinda, maana pale wewe mwenyewe ungeweza kumshauri mchezaji. Mtu akitajiwa bei ya mbuzi kutoka Kamina, wazee wanne wangesema kwa pamoja: "Kataa!"

Siku nyingine benchi lilinyamaza. Mwaka 1993 jirani zetu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakalala majuma na miezi kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Baadaye, sauti kutoka Mbuji-Mayi, kule Kasai, ilipotaja jina la mtu aliyefika salama, au jina la ambaye hakufika, hakuna aliyetoa ushauri. Opereta hakuangalia saa.

Mimi nilikwenda foni kwa ajili ya mapenzi. Ilikuwa 1994, nilikuwa na miaka ishirini, na mpenzi wangu alikuwa Kolwezi kwa shangazi yake. Jumatatu nililipa ujumbe wa kumwita: mtoto wa foni ya kule angekimbia hadi nyumbani kumwambia aje Ijumaa saa nne asubuhi. Nilikuwa na feza ya dakika tatu. Lakini zile zilikuwa siku za zaire mpya, noti zilizoletwa Oktoba 1993, ambapo moja ilichukua nafasi ya milioni tatu za zamani, kisha nazo zikaanza kuyeyuka mkononi. Ijumaa ilipofika, dakika zangu tatu zilikuwa zimebaki mbili.

Nilikuwa nimeandika hotuba ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa cha shule. Nikaisoma kwa sauti nzito. Sasa, mashine zile ulizirekebisha kwa kuzungusha kitufe taratibu, na ukikosea kidogo tu, sauti ya mtu hufika ikiwa ya bata. Mpenzi wangu alisikia bata anamwambia mambo ya nyota na mwezi.

"Likasi, hatupati. Rudia. Avu," alisema opereta wa Kolwezi.

Opereta wetu akaninyang'anya maikrofoni. "Kolwezi, kijana anasema moyo wake unaungua. Avu."

"Nini yake inaungua? Avu."

"Moyo! Mike, Oscar, Yankee, Oscar! Avu!"

Kimya. Nikaanza kutoka jasho. Mzee mmoja wa benchi akaona naangamia, akasema: "Mwambie iko na kinga." Kinga ni baiskeli, na kweli nilikuwa nayo, ya marehemu babu.

"Kolwezi, kijana iko na kinga vilevile. Avu."

Kimya tena, kirefu. Halafu: "Likasi, dada anauliza, hiyo kinga iko na taa? Avu."

Benchi zima likanigeukia. Haikuwa na taa. Dakika zikaisha.

Sikukata tamaa. Nilikwenda karibu kila Ijumaa, na kwa vile sauti yangu ilifika vibaya, yule opereta wa Kolwezi alizoea kumrudia mpenzi wangu maneno yangu polepole, kwa sauti nzuri ya redio. Mwaka uliofuata mpenzi wangu aliolewa na opereta huyo. Siwalaumu. Maneno yalikuwa yangu, lakini sauti ilikuwa yake. Mwaka 1952, mji wetu wa Likasi ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, mrekodi wa muziki Hugh Tracey alikuja na mashine yake, akamrekodi Mwenda Jean Bosco na gitaa lake, na dunia ikamsikia. Mimi nilitaka kufika Kolwezi tu.

Nilimsimulia yule msichana wa basi haya yote. Alicheka hadi akashika kiti cha mbele. Kisha akachukua moja ya simu zake, akakandamiza kidole kwenye kioo, akasema: "Yaya, niko na baba mumoja hapa, nitakusimulia," akaachia. Akangoja. Ikaja sauti ya dada yake. Akakandamiza tena.

"Binti yangu," nikamwambia, "hiyo njo foni."

Alikataa katakata. Alisema ni WhatsApp.

Sitabishana naye. Ila nyinyi mnaonitumia sauti za dakika saba, mnanyamaza katikati mkitafuta neno, nami nabaki nimeshika simu sikioni nisijue kama mmemaliza au mnapumua, nawaomba jambo moja. Mkimaliza, semeni avu.