Kanzu Bila Mtu

Mafundi picha wengine wa Ngamiani, Tanga, wangekutuma sigara miaka miwili kabla hujaruhusiwa kufuta vumbi kwenye kamera. Fundi wangu, niliyemwita Mzee, alinitundika yake shingoni siku ya pili. Ilikuwa Pentax K1000, nzito kama jiwe la kusagia, na mwaka ni 1997, mwaka ule ule walipoacha kuzitengeneza huko kiwandani. Nadhani habari zangu ziliwafikia.

"Ikiharibika je, Mzee?"

"Itatengenezwa. Ukiharibika wewe ndiyo kazi."

Studio yenyewe chumba kimoja kilichotazama barabara: pazia lililochorwa minazi na jahazi, stuli, koti moja la wateja wote, wanene kwa wembamba, na kitana kilichofungwa kamba kwenye kioo ili kisiondoke na mtu.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mstaafu wa reli. Akaketi amekauka kama anasubiri hukumu. Mimi nilishasikia kwamba Wazungu huwafanya watu watabasamu kwa kuwaambia wataje jina la jibini kwa Kiingereza. Nikaona niwe wa kisasa.

"Babu, sema chizi!"

"Chizi nani?"

"Hapana, Babu, wewe sema tu, chizi."

Akaanza kutafuta bakora yake. Mzee wangu akatoka chumba cha giza mikono ikichuruzika dawa, akamwamkia, akamuuliza nguru leo wanauzwaje pale sokoni. Ndani ya dakika mbili mstaafu alikuwa analalamika kwa mikono miwili, macho yamewaka, uso wote umefunguka. "Piga," Mzee akaninong'oneza. Mpaka leo wateja wangu nawauliza bei ya nguru. Mbinu hiyo haijaniangusha ila kwa wauza samaki, maana hao hunitajia bei kisha wanangoja nitoe hela.

Wiki iliyofuata nilimpiga shangazi yangu kwa lenzi ya milimita 28, nikamsogelea mpaka nikahisi joto la pumzi yake. Picha ilipotoka, pua ilikuwa imefika kabla yake. Masikio yalikuwa njiani bado. Shangazi aliitazama muda mrefu, kisha akauliza kama ile kamera ni ya kwetu au imeazimwa kwa adui. Mzee akanieleza bila kunicheka kwamba lenzi haina kosa, kosa ni ukaribu: ukimsogelea mtu mno, kilicho mbele hukua na kilicho nyuma husinyaa. Akanipa lenzi yake ya 85, ambayo yeye mwenyewe aliifunga kwa kitambaa cha hariri, akasema, "Rudi nyuma, mwanangu. Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma. Nikavuka kizingiti, nikavuka baraza, jicho langu halijatoka kwenye kamera, na uso wa mteja unazidi kupendeza kila hatua, hadi nikaketi ndani ya beseni la unga wa maandazi la mama wa jirani. Kamera niliinyanyua juu, haikuguswa hata na punje. Mzee alilipia unga, na jioni tukala maandazi aliyoyasalimisha yule mama. Mzee akadai ameisikia ladha ya suruali.

Lakini aibu kubwa ilikuwa ya harusini. Mzee alikuwa na homa, akanituma peke yangu na mikanda miwili. Mkanda wa kwanza niliufuata mshale wa kupimia mwanga wa kamera kama mtu anayefuata imamu. Sikujua kwamba mshale ule hauna akili: unadhani kila kilicho mbele yake ni rangi ya kijivu. Ukiona kanzu nyeupe inang'aa juani, unaapa kwamba mwanga umezidi, nawe unalibana tundu la lenzi. Bwana harusi alikuwa mweusi wa kung'aa, kijana mzuri kabisa. Kwenye picha ilitoka kanzu, ikavaa kofia, ikashika mkono wa bi harusi. Mwenyewe hayumo. (Na filamu za rangi zenyewe kwa miaka mingi zilipimwa kwa ngozi ya Kizungu, na waliowasumbua Kodak wazirekebishe ni pamoja na watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Kabati lilitendewa haki kabla ya mjomba.)

Mkanda wa pili ulikuwa mtamu zaidi. Nilipiga nikihesabu kwa mdomo: 36, 37, 38. Nikafika 44 na mkanda haujakwama. Nikawashukuru walioiweka ziada ile. Nyumbani Mzee akafungua kamera, akakuta ulimi wa filamu umelala pale pale, haujashika jino hata moja.

Alicheka hadi homa ikakatika. Kisha akanionyesha kile kitufe cha kurudishia filamu: kila ukivuta, nacho lazima kizunguke. Kisipozunguka, unapiga hewa.

Siku ya tatu aliwaita maharusi, kanzu na shela akazikodi kwa pesa yake, akawaweka kivulini mlangoni. Mimi nikapewa sinia la pilau niwarudishie mwanga usoni. "Pima uso, usipime nguo," alikuwa anasema, na mimi nikageuka kusikiliza vizuri, sinia likalidaka jua lote la Tanga na kulimimina machoni mwa bwana harusi. Picha ile ndiyo iliyopo ukutani kwao hadi leo. Mama mkwe huwaonyesha wageni: tazameni alivyolia kwa mapenzi.

Mwishoni Mzee alitaka picha yake mwenyewe. Akavaa koti la wateja, akaketi kwenye stuli, akakauka kuliko yule mstaafu wa reli. Nikarudi nyuma, safari hii nikiangalia nilipokanyaga. Nikapima uso. Nikamuuliza, "Mzee, nguru leo wanauzwaje?"

"Mjinga wewe," akasema, akaangua kicheko, nami nikapiga. Nikavuta taratibu, jicho langu liko kwenye kitufe. Kikazunguka.

"Kimezunguka?"

"Kimezunguka, Mzee."

"Basi piga nyingine. Hiyo nimefumba macho."