Sifa za X ya Ukutani

Alfabeti ya Kiswahili haikuitaka herufi X. Teksi tunaiandika kwa k na s, eksirei hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kulala njaa kwa kuikosa. Miaka mingi haikuwa na ajira ila kwa mwalimu wa hesabu, aliyeichora daftarini kwa kalamu nyekundu kutuarifu kwamba tumekosa. Mataifa mengine yangeiacha izurure. Sisi tuliihurumia, tukainunulia kopo la rangi, tukaipa kazi barabarani. Leo hapa Buswelu hakuna herufi yenye cheo kama hiyo. Nyingine zote zikijikusanya zinamfundisha mtoto kusoma. X peke yake inamhamisha baba mtu, mkewe, kuku wake na mabati yake.

Mimi ni mteja wake wa siku nyingi. Ya kwanza niliipata Nyakato, kando ya Barabara ya Nyerere, ile iendayo Igoma, Kisesa, Musoma hadi mpakani Sirari. (Mgeni wa Mwanza ajue mapema: Barabara ya Kenyatta haikupeleki Kenya, inakupeleka Shinyanga. Ukitaka Kenya, pita kwa Nyerere. Sisi tumeshazoea.) Wengine wakisimulia historia ya barabara ile huanza na lami, malori na daladala. Mimi naisimulia kwa mita. Kwa sheria ya zamani, yenye mizizi yake mwaka 1932, barabara kuu ilikuwa na hifadhi ya mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Nyumba yangu ilikuwa mita 25, na nilijiona mwerevu. Ikaja Sheria ya Barabara Namba 13 ya mwaka 2007, hifadhi ikawa mita 30. Barabara yenyewe haikusogea hata inchi. Kilichosogea ni karatasi. Nililala nikiwa mita mbili na nusu nje, nikaamka nimo ndani mita tano, na kitanda changu.

Ile ya Nyakato ilikuwa ya kijani. X nyekundu maana yake ni ondoka mwenyewe, kwa gharama zako. Ya kijani ni subiri, utalipwa. Nilisubiri mpaka nikaanza kuipenda.

Hapo ndipo nilipoitambua sifa yake kuu, ambayo wanazuoni wameipuuza: X hulinda mali ya mtu kuliko mbwa, kuliko vipande vya chupa juu ya ukuta. Kabla yake nilikuwa na mjomba aliyetaka hati yangu ikawe dhamana ya mkopo wa mashine ya kukoboa mpunga. Alikuja na ofisa mikopo, wakashuka kwenye bodaboda, wakautazama ukuta, ofisa akapanda tena bodaboda kabla haijazima injini. Binamu aliyepanga kuniletea watoto wawili wasome mjini aligundua ghafla kwamba shule za kijijini nazo ni nzuri. Kamati za harusi, ambazo zamani zilinipangia kiwango cha chini kama vile nina mgodi Geita, zikaanza kuniandikia "chochote ulichojaliwa". Mke wangu akataja marumaru. Nikamwelekeza kwa kidevu ukutani, akanyamaza. Sikununua geti, sikupaka rangi, wala fundi jipsamu hakuniona. Na usiku mmoja mwizi aliuruka ukuta wa jirani, akauacha wangu uliokuwa mfupi zaidi. Nadhani alinionea huruma, jambo ambalo sijalizoea kutoka upande wowote.

Sifa nyingine nazitaja tu. X ni kituo: konda anashusha abiria "X ya tatu" na wote wanajua. X haina upendeleo: mwaka 2017 kule Ubungo, Dar es Salaam, Rais Magufuli aliagiza jengo la Tanesco nalo liwekewe, na mwaka huo huo Kimara watu walibeba milango yao vichwani. Tena X haiombi chai.

Nikachoka na kijani, nikauza nilichoweza kuuza, nikapanda Buswelu. Huku kulikuwa na mawe, upepo na nafasi. Tangu Ilemela ipate halmashauri yake mwaka 2012 na makao yakawa huku, watu wamefuata, viwanja vimepanda bei, na vijia vya ng'ombe vimeanza kuota ndoto za kuwa barabara. Nikajenga mbali na kila kitu. Asubuhi moja wakaja vijana wawili na tepu ya kupimia. "Mwangaluka, mzee." Nikaitikia. Sikujua naisalimia X yangu ya pili.

Nyekundu, jamani! Kiwanja nilikinunulia ofisini. Mwenyekiti alikuwepo, mtendaji alikuwepo, muhuri uligongwa, na asilimia kumi ya ofisi niliitoa ikahesabiwa mara mbili. Hakuna aliyetamka neno barabara. Umeme ukaletwa, nguzo ikasimikwa hapo hapo panapoitwa hifadhi. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku, shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500. Nikinunua umeme wa 5,000, nyumba inalipa kodi kwanza ndipo taa iwake. Kwa hiyo iko. Nikienda kuuliza fidia, naambiwa pale hapakupaswa kuwa na nyumba. Kwa hiyo haiko. Nilimuuliza kijana wa dirishani inakuwaje kitu kisichokuwepo kilipe kodi kila mwezi bila kukosa. Alifikiri kwa adabu, kisha akaniambia hizo ni idara mbili tofauti.

Barabara yenyewe haijaja. Kila mwaka greda hupita mara moja, likakwangua vumbi la upande huu na kulihamishia upande wa pili.

Masika iliyopita mvua iliiosha X mpaka ikabaki kama kovu. Mama muuza dagaa wa mkabala akanipongeza kana kwamba nimepata mjukuu. Habari zikasafiri. Baada ya siku tatu mjomba akapiga simu: mashine za kukoboa sasa zimeshuka bei, na hivi ile hati bado ninayo?

Jioni ile niliteremka Nyakato nikanunua robo lita ya rangi nyekundu na brashi. Nilikuwa namalizia mguu wa pili wa X niliposikia sauti ya mtendaji nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Una kibali? Hapo unapopaka ni ndani ya hifadhi ya barabara."