Barua ya Wazi kwa Wapima Mapafu wa Jeshi

Waheshimiwa,

Ofisi yenu sitaitaja kwa jina, maana jina lenyewe ukilisoma lote bila kupumua tayari umeshapimwa mapafu. Nawaandikia kutoka Kentucky, Marekani, kwa ajili ya mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, anayeomba udhamini wa ROTC, mpango wenu wa kuwafunza maofisa wa jeshi vyuoni. Mnamfahamu. Ni yule mnayemwandikia kila mara barua ile ile: leta rekodi za matibabu.

Rekodi zipi, tumeshawaeleza. Fomu yenu iliuliza kama aliwahi kutibiwa kifua, naye akatia tiki kwenye "ndiyo", kwa sababu aliambiwa jeshi linataka maofisa wakweli na akaamini. Alitibiwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, msimu ambao kuni zilikuwa mbichi na moshi ukahamia ndani pamoja nasi. Muuguzi alimpa vidonge vya salbutamol, akaandika "pumu" katika daftari lake na kuweka alama ya kuuliza. Mtoto akapona. Daftari likabaki kwa jirani.

Kanuni zenu zinasema pumu ya kabla ya kutimiza miaka 13 haina neno. Ya baada ya hapo ni kasoro. Kanuni nzuri, kwa mtu mwenye siku ya kuzaliwa. Sisi ukoo mzima tulizaliwa tarehe 1 Januari: mimi, dada yangu, wanawe wote, na nusu ya majirani tuliovuka nao Ziwa Tanganyika. Karani aliyetuandikisha alikuwa na foleni ndefu. Dada yangu anakumbuka alimzaa kijana huyu mvua za kwanza zilipoanza, yaani mwezi wa 10 hivi. Kwa hiyo kikohozi kilimkuta ana miaka 13 kwa hesabu ya karani, na 12 kwa hesabu ya aliyemzaa. Nyinyi mmemwamini karani.

Basi nina ombi. Kwa kuwa rekodi lazima zipatikane, na nyinyi ni jeshi, nendeni mkazichukue.

Kikosi kidogo kinatosha, watu 12 hivi, chini ya kapteni mwenye subira. Washuke Kigoma, wapande hadi Kasulu, waingie kambini. Vumbi jekundu watalizoea. Vifaru viachwe nyumbani. Wachukue mtu mmoja anayejua Kibembe, na peremende, kwa sababu watoto ndio watakaowaonyesha njia. Wanachotafuta ni daftari la shule, jalada la kijani lililofifia, nyuma lina jedwali la kuzidisha, na pale kwenye saba mara nane pamechorwa wino kwa kuwa dada yake alikuwa akilifanyia hesabu za darasani. Ukurasa wa kwanza una uzito wa mtoto. Wa pili malaria. Wa tatu malaria. Wa nne una orodha ya watu waliotukopa unga, maana karatasi ni karatasi; hao pia mkiwaona wakumbusheni. Pumu iko ukurasa wa tano, kama mchwa hawajafika. Wakiwa wamefika, kapteni awahoji mchwa, achukue maelezo yao kwa maandishi katika nakala tatu, na kila mchwa atie sahihi mbele ya mwanasheria wa jeshi. Kisha itumwe ndege ya pili kumtafuta muuguzi, ambaye alikuwa mkimbizi kama sisi na huenda leo anakaa mtaa wa pili kutoka ofisini kwenu. Akipatikana aulizwe swali moja tu: ile alama ya kuuliza ilimaanisha nini? Nahisi atajibu kwamba foleni ilikuwa ndefu.

Maombi mengine ni madogo. Tovuti yenu iache kumtoa nje kila akifika ukurasa wa mwisho. Penye "daktari wa familia tangu kuzaliwa" wekeni kisanduku cha "hakuwepo". Na anayejibu simu zenu apewe likizo, amechoka, sauti inasikika.

Lakini kuna jambo moja linanikaba. Serikali yenu hii hii ilimpima mtoto huyu kabla hajapanda ndege. Ilimtoa damu ikitafuta kifua kikuu, ikamsikiliza mapafu, ikaweka karatasi zake katika ule mfuko wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, tuliokuja tumeukumbatia uwanja hadi uwanja. Mlimwona mzima kiasi cha kumpa kiti. Na kiti chenyewe kilikuwa mkopo, tumeulipa senti kwa senti. Kila alfajiri ya mazoezi anakimbia maili 2 pamoja na wenzake waliokwisha kupata udhamini, kwa mapafu hayo hayo, na wengine anawaacha nyuma. Sajenti wenu yupo pale anashika saa. Mngekuwa mnatafuta ugonjwa, mngempa kipimo apulize, mkasoma namba, ikaisha. Mnachotafuta ni kabati la mafaili alilokulia nalo, na mtoto asiyekuwa nalo mnamwita mgonjwa. Aibu hiyo ibebeni wenyewe. Sisi tumebeba vya kutosha.

Samahanini, sauti imepanda. Turudi kwenye adabu.

Tunajua udhamini si sadaka. Mnalipa ada, mnatoa dola 420 kwa mwezi za kujikimu na dola 1,200 kwa mwaka za vitabu, naye anawalipa kwa miaka 8 ya utumishi, kazini na kwenye akiba. Biashara ya haki kabisa. Hatujaomba punguzo.

Nimeona pia fomu inauliza uongozi. Nahodha wa timu? Kiongozi wa darasa? Kijana ameacha wazi, ingawa tangu tulipofika ndiye amekuwa mbele yetu hospitalini, benki, kwa mwenye nyumba na mbele ya afisa wa uhamiaji, akiulizwa na watu wazima mambo ya watu wazima na kuyajibu kwa lugha mbili. Kisanduku chake sikukiona.

Nimeambiwa sasa mnataka kuzungumza na mama yake kwa simu, athibitishe mwenyewe tarehe ya kikohozi. Karibuni sana. Pigeni baada ya saa 12 jioni, akishatoka kiwandani. Kiingereza chake bado kidogo, kwa hiyo atakayewatafsiria ni mgonjwa mwenyewe.

Wenu mtiifu,
Mjomba wake, mzaliwa wa 1 Januari