Mhadhara wa Bure Kuhusu Majina ya Makanisa

Waheshimiwa wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama, na nyinyi vijana wa boda boda mlioegemea ua: itifaki imezingatiwa. Hakuna aliyenialika hapa Sosiot, lakini bingwa hangoji mwaliko. Mimi ndimi mtaalamu mkuu wa majina ya makanisa, Kericho na Bomet yote. Cheo hiki nilijitunuku mwenyewe, mpinzani alipokosekana.

Tuanze na historia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Willis Hotchkiss alifungua misheni huku kwetu akaiita Lumbwa Industrial Mission. Wakipsigis hawakujiita Lumbwa; walibandikwa jina hilo na watu wa nje. Kiingereza nacho hawakukijua. Tazameni ufundi huo: jina zima, na mwenyeji hana pa kushika! Ndiyo kanuni yangu ya kwanza: jina bora la kanisa ni lile asilolielewa anayesali humo. Majirani zetu Wajaluo waliojitenga na Kanisa Katoliki miaka ya 1960 waliipatia sawasawa. Walichagua Kilatini: Legio Maria.

Kanuni ya pili: kanisa likipungua ukubwa, jina hurefuka. Nendeni mkatazame vibanda vya mabati kando ya majani chai. Kwenye bango, neno International limekatikia katikati likashukia mstari wa pili, maana ubao ni mfupi kuliko mataifa. Chini yake, kwa rangi nyekundu iliyochuruzika: "Wote Mnakaribishwa." Kiingereza ni cha msajili wa vyama na mfadhili, Kiswahili ni cha mpita njia na mchuma chai aliyetoka Kisii.

Ingieni ndani sasa muone aibu. Wanaimba Kipsigis, wanaomba Kipsigis. Bati likivuja, mzee anaitisha harambee kwa Kipsigis, na ndama anatolewa papo hapo! Sijawahi kuona ndama aliyetolewa kwa Kiingereza. Baya zaidi, Africa Gospel Church, jina timamu kabisa, wamelikata likawa AGC. Ukiuliza ni AGC ipi, unaambiwa, "Ile ya karibu na posho mill."

Wapo wanaonong'ona kwamba basi bango liandikwe kwa lugha inayotoa ndama. Huo ni uhaba wa elimu. Bango halina kosa; wenye kosa ni waumini. Napendekeza mtu asiruhusiwe kuomba kwa Kipsigis mpaka atamke jina kamili la kanisa lake bila kupumzika njiani. Wachungaji nao watahiniwe, ingawa hapo nahofia mimbari nyingi zitabaki wazi.

Maswali yaulizwe kwa Kiingereza tu.

Hakuna? Basi nimeeleweka. Kikapu cha sadaka ya mhadhiri kinapita sasa. Hapo Kipsigis kinaruhusiwa.