Hotuba ya Bingwa wa Kunusa Mafaili

Mheshimiwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliokuja na kompyuta mpakato kwapani: itifaki imezingatiwa. Kamati, yaani mimi na mwenye viti vya kukodi, imeniomba nizungumzie namna ya kukitambua kirusi kilichojificha ndani ya kompyuta. Vyeti wanavyo wengi. Pua ya kunusa faili, kutoka Magomeni hadi Manzese, ninayo peke yangu.

Kanuni ya kwanza ni sura. Mwaka 2002 ilizagaa barua pepe ikionya kwamba faili liitwalo jdbgmgr.exe, lenye picha ya dubu mdogo, ni kirusi kinacholala siku 14 kabla ya kuuma. Nikalisaka, nikamkuta dubu katulia, ananitazama. Dubu ndani ya Windows anatafuta nini? Nikamfuta. Nikafuta na wa majirani, shilingi elfu mbili kila dubu. Baadaye ikaja kujulikana kuwa barua ile ilikuwa uzushi mtupu, na dubu alikuwa mtumishi halali wa Microsoft, anayehusika na kusaka makosa katika programu za Java. Sawa. Lakini tangu siku ile, kuna mteja wangu aliyeumwa na dubu?

Kanuni ya pili ni irabu. Jina la heshima huishia na irabu: Asha, Juma, Kariakoo. Sasa tazama svchost.exe! Ukiacha .exe, ina irabu moja, imebanwa katikati kama abiria wa daladala. Tena yapo makumi kwa makumi yanafanya kazi kwa wakati mmoja, na wezi ndivyo wanavyotembea.

Siku moja nilipotaka kulifuta, ndipo binti ninayemfundisha kazi alipotia neno. "Shikamoo mwalimu, samahani. Kabla hatujafuta, tuulize kwanza anakaa wapi." Akabonyeza kitufe cha kulia, akafungua mahali faili lilipo: C:\Windows\System32. "Huyu yuko kwao," akasema. Eti ni mwenyeji wa huduma za Windows, na tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017, kompyuta yenye RAM ya kutosha huzipa huduma nyingi svchost ya peke yake, ndiyo maana ya ule wingi. Kisha akanionyesha jingine kwenye kompyuta ya mteja: scvhost.exe. Nikasema ni lile lile. "Soma herufi moja moja, mwalimu." C imeruka mbele ya v! Nalo lilikuwa limejibanza kwenye folda ya Temp, kama mpangaji aliyeazima jina la mwenye nyumba.

Akatazama sahihi ya kidijitali; hakuna. Nikanyanyua kidole nifute, akanizuia: kukosa sahihi peke yake si hukumu, na kuwa nayo si utakatifu, maana programu hasidi ya Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, ilikuwa na sahihi za vyeti vilivyoibwa. Akachukua alama ya SHA-256 ya faili, herufi na tarakimu 64, akaiingiza kwenye VirusTotal, tovuti ya kukagua mafaili. Nikamuuliza kwa nini asilipakie faili lenyewe tuyamalize. Akasema la mteja huenda lina siri zake, na likishapanda huko wapo wengine wanaoweza kulipata. Majibu yakaja, mistari myekundu kutoka juu hadi chini. Nikawaambia wote waliokuwepo kuwa pua yangu ilishajua tangu asubuhi.

Sasa tuingie kwenye vitendo. Hapa nimeazima kompyuta ya mheshimiwa mwenyekiti. Napiga Ctrl, Shift, Esc, Task Manager inafunguka. Naona... csrss.exe. Ndugu zangu, herufi tano bila irabu hata moja! Mzazi gani humpa mtoto jina hili? Binti anatikisa kichwa kule nyuma. Mwacheni, ni ugeni wa kazi. Nabonyeza kulisimamisha. Kompyuta inanitisha kwamba Windows itazimika. Mnaona kirusi kinavyojitetea? Naweka tiki. Naendelea.

Skrini nzima bluu. Rangi ya bahari, imetulia. Makofi, tafadhali.

Mheshimiwa mwenyekiti, ile orodha ya wajumbe uliyokuwa unaiandika, ulikuwa umeisevu?