Namna ya Kumaliza Fumbo la Maneno Bila Kuelewa Neno Hata Moja

Kwanza tuelewane: katika fumbo la maneno, maneno ni kisingizio tu. Kinachotafutwa ni miraba iliyojaa. Kuna watu hukaa kijiweni na gazeti, wakikutana na neno geni wanaanza kuulizana maana yake, limetoka wapi na nani hulitumia, mpaka kahawa inapoa na hata safu ya kwanza haijajazwa. Hao usiwaige. Wewe unataka anayepita akuone umemaliza, tena kwa kalamu ya wino. Penseli waachie wenye mashaka.

Pili, shukuru kwamba umezaliwa na Kiswahili. Aliyetuletea balaa hili ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti la New York World huko Marekani. Fumbo lake lilitoka tarehe 21 Desemba 1913, na lilikuwa la Kiingereza, lugha ambayo neno huishia na herufi yoyote linayojisikia. Maskini, wasomaji wake ilibidi wafikiri. Wewe hutalazimika. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na irabu zenyewe ni tano tu, kwa hiyo mraba wa mwisho wa kila neno tayari ni nusu yako. Kidokezo kikiuliza kitenzi, weka A mwishoni hata kabla hujamaliza kukisoma. Vipo vitenzi vikaidi kama fikiri, samehe na sahau, lakini hivyo ni wageni waliotoka Uarabuni na ukivikosea utasema unatetea Ubantu. Kidokezo kikitaja wingi, anza na WA, MA, MI au VI, chochote kitakachoenea. Na ukiona C imejitokeza mahali, andika H mbele yake bila kuuliza, kwa sababu katika Kiswahili Sanifu C haijawahi kutembea peke yake.

Kwa kanuni hizo tu utajaza sehemu kubwa ya fumbo bila kujua linazungumzia nini. Matatizo yanaanza pale neno linapokatana na jingine.

Hapa niwape mfano wa fundi cherehani mmoja, bingwa wa fani hii. Kidokezo kilisema: kifaa cha kukunia nazi, herufi tano. Fundi akaandika KIBAO, kwa wino. Mzee mmoja wa Tanga aliyekuwa akisubiri suruali yake akamwambia, "Mwanangu, kibao ndipo unapokalia. Kinachokuna ni mbuzi." Wakahesabu: mbuzi nayo ni herufi tano. Mtu dhaifu hapo angefuta. Fundi hakufuta. Tatizo ni kwamba kutoka mraba wa tatu lilishuka neno jingine, umoja wa nyufa, na herufi mbili za chini yake zilikwisha kujazwa, F na A. Kwa mbuzi ingekuwa UFA. Kwa kibao ikawa BFA.

"BFA ndiyo nini?" mzee akauliza.

"Kifupisho, shikamoo," fundi akajibu, akaendelea kupiga cherehani.

Jifunze hapo. Kila herufi zitakapogongana na kuzaa kitu kisichotamkika, hicho ni kifupisho cha chama, au cha shirika lililokuwapo zamani likavunjwa. Hakuna anayeweza kukukatalia, kwa maana Afrika Mashariki imeshakuwa na vyama na mashirika ya kila kifupisho.

Suala la ng' linataka utulivu wa pekee. Ng'ombe ana miraba mingapi? Wako watungaji wanaompa sita, wako wanaompa saba ili ile alama ya king'ong'o ipate nayo pa kukaa, na wako wanaoiweka NG' yote katika mraba mmoja, akabaki ng'ombe wa miraba mitano. Usitafute mwafaka. Hesabu miraba uliyopewa, mkate ng'ombe kulingana nayo. Mtu akikukumbusha kwamba bila ile alama ng'oa inageuka ngoa, na kwamba kung'oa jino na kulia ngoa ni mambo mawili tofauti kabisa, mwambie hilo ni suala la maana, na maana haina mraba.

Miraba pia itakufichulia siri za mtungaji. Ukiulizwa mashine ya kielektroniki ya kuchakata taarifa, usihangaike na mashine. Hesabu. Ikiwa minane, andika KOMPYUTA, na mtungaji huenda ni Mtanzania. Ikiwa kumi na mmoja, ni TARAKILISHI, na huyo bila shaka alipitia shule za Kenya. Ikiwa saba ni NGAMIZI, na alipitia shule hizo zamani kidogo.

Sasa kamusi. Ikilazimu uonekane nayo, chagua nene: Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981, au Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015. Iweke mezani, usiifungue. Ukishikwa pabaya ukaifungua, tafuta neno kama lilivyo. Alipikiwa litafute kwenye A, vyuma kwenye V, na yasipoonekana tangaza kwamba kamusi zetu hazijakamilika. Ukitaka kuta za nyumba, fungua K utakutana na kitenzi, kile cha kukuta mtu njiani. Tosheka nacho, herufi ni zilezile nne. Yule atakayekuambia urudi kwenye ukuta, au uvue viambishi mpaka ufike kwenye pika, anataka kukufundisha lugha. Mkwepe.

Wapo watakaosema unapoteza muda. Wajibu kwa historia. Gazeti la New York Times mwaka 1924 liliwakejeli wajazaji wa mafumbo haya kama watu walioshikwa na wazimu. Mwaka 1942 likaanza kuchapisha la kwake. Mwaka 2022 likanunua Wordle, ule mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano uliobuniwa na Josh Wardle. Sema hivyo, kisha rudi kwenye kifupisho chako.

Maneno utakayoyaokota njiani usiyatupe, yana soko. Mtoto wa shule anayejua kwamba kundi la nyota ni thurea, mtoto wa punda ni kihongwe na wa mamba ni kigwena, amekwisha kujipatia alama za mtihani, hata kama hajawahi kumwona punda akizaa. Mtu mzima naye ana harusi. Ukipewa kipaza sauti, sema bibi harusi ameng'ara kama thurea, na upande wa bwana harusi watapiga vigelegele bila kuuliza. Kigwena mwache nyumbani siku hiyo.

Onyo la mwisho ni kubwa kuliko yote: usimuulize bibi. Utaona kidokezo, chombo cha kuchujia tui, herufi saba, na yeye amekaa hapo kwenye mkeka anachambua mchele. Utashawishika. Herufi hatakupa, hana habari nazo. Atakuambia, "Kifumbu kile pale nyuma ya mlango, kilete." Utakileta. Atakuambia ukishike hivi, machicha yakae ndani, ukamue kwa kupinda na si kwa kuvuta. Tui la kwanza likishashuka atakuambia utie maji, ukamue tena, hili jepesi ndilo la kutangulia kwenye mchele na lile zito lingoje. Gazeti litakuwa limelowa, safu nzima ya kulia haisomeki, na wewe utakuwa unajua kifumbu ni nini. Kwa hali hiyo mwongozo huu haulipi fidia.