Sekunde Tatu za Ngurario

Kompyuta ya nyumbani kwetu Uthiru ina heshima zake. Hufunikwa kitambaa cha kufuma, haiguswi na mtoto mwenye mikono ya chapati, na mwenye ruhusa ya kuiwasha ni Baba Watoto peke yake. Aliinunua mtumba, katika zile tunazoziita ex-UK, ikiwa na Windows 7 iliyotoka mwaka 2009. Microsoft waliacha kuihudumia Windows hiyo Januari 2020, ila habari hizo hazikupokelewa sebuleni kwetu. "Mashine ikiwaka, inafanya kazi," husema mwenyewe. Na kama stima haijapotea huwaka kweli, baada ya muda wa kutosha kuchemsha chai na kuinywa.

Vita vilianza wifi yangu alipokuja kutoka Marekani kwa ajili ya ngurario, yaani harusi ya kimila, ya binti wa kaka yao, kule Kikuyu. Wengine tulikuwa na kazi za kupakua na kugawa, yeye akawa na iPhone. Alipiga picha za kila kitu: mabinti waliofunikwa leso huku bwana harusi akitafutishwa wake, kiande, yaani bega la mbuzi, kikikatwa, wazee na pembe zao za pombe ya muratina. Jioni mama mkwe akatoa amri. Picha zitazamwe kwenye kompyuta, kwa sababu macho yake hayawezani na kioo cha simu, kisha zisafishwe ziwekwe kwenye albamu. "Picha ya simu si picha," alisema. "Simu ikianguka chooni, je? Harusi imeenda na maji." Wifi alikuwa amebakiza siku chache tu arudi kazini, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kusema tutaona kesho.

Hapa niseme kwamba mimi ni Mmaragoli wa Vihiga, hivyo nyumba yetu huendeshwa kwa Kiswahili, isipokuwa mama mkwe anapotaka kusema jambo ambalo mimi sipaswi kulisikia. Basi hugeukia Kikuyu. Kikuyu changu ni kizuri kuliko anavyodhani, na sijaona haja ya kumwambia.

Waya wa kwanza wa kuunganisha simu na kompyuta aliununua Baba Watoto kwa mchuuzi wa stendi, shilingi mia mbili. Simu ikaanza kuchaji vizuri sana. Kompyuta haikuona kitu. Alichomoa, akapuliza tundu, akachomeka upande wa nyuma, akaizima mashine na kuiwasha, nasi tukanywa chai nyingine. Waya za USB za kawaida huwa na nyuzi nne ndani: mbili za umeme na mbili za kupitisha data. Nyingi za bei ya chini huachiwa zile mbili za umeme tu, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kijana wetu wa chuo kikuu aliporudi na kumweleza baba yake hayo, aliambiwa kwamba waya ni waya.

Wifi akatoa waya wake mwenyewe mkobani. Safari hii simu ikauliza kama kompyuta hii ni ya kuaminika. "Ni ya kuaminika kuliko hiyo simu!" akafoka Baba Watoto. Wifi akakubali, akaandika namba yake ya siri huku amempa kaka yake kisogo, na picha zikaanza kuingia. Mama mkwe akasogezewa kiti. Miwani ikafutwa.

Hakuna iliyofunguka. Kila moja ilikuwa karatasi nyeupe yenye jina linaloishia na HEIC, na Windows ikasema haijui kitu hicho. Baba Watoto akatangaza kwamba ni virusi kutoka Marekani.

Ukweli ni mwepesi zaidi, na hauna mkosaji. Mwaka 2017, katika iOS 11, Apple walianza kuhifadhi picha kwa mtindo wa HEIC badala ya JPEG tuliyoizoea, kwa sababu picha ile ile huchukua karibu nusu ya nafasi. Windows 7 ilikuwa imeshazaliwa miaka minane kabla. Unaipa mashine kitu kilichobuniwa baada yake, halafu unashangaa haikifahamu. Hata mimi mama mkwe angenisamehe kwa hilo.

Kijana akajaribu njia za mkato. Google Photos? Wifi alishajaza zile gigabaiti 15 za bure, na tangu Juni 2021 hakuna tena hifadhi ya bure isiyo na kikomo. Barua pepe? Gmail inakubali megabaiti 25 kwa ujumbe mmoja, na harusi ya Kikuyu haitoshi humo hata ukiwaacha wageni wa upande wa bwana harusi. WhatsApp? Ilizibana mpaka mbuzi akafanana na blanketi, na ukizichapisha zinatoka na ukungu. Kisha akagundua katika mipangilio ya kamera sehemu ya kuchagua mtindo unaokubalika na vifaa vingi. Akaichagua, akampiga picha mbwa wetu mlangoni, akahamisha. Mbwa akatokea kwenye skrini, mkubwa, mwenye afya. Tulipiga makofi. Mama mkwe akauliza harusi iko wapi. Ndipo tukajua mpangilio ule hubadilisha picha zitakazopigwa tu. Zilizokwisha kupigwa hubaki zilivyo.

Hapo ndipo kijana alipoona kwamba kando ya kila picha iliyogoma kulikuwa na faili ndogo yenye jina lile lile, ila inaishia na MOV. Akaifungua kwa VLC, programu anayoitumia kutazama sinema baba yake akilala. Ikacheza sekunde tatu, kwa kujikokota, pamoja na sauti.

Simu ile hupiga picha za aina inayoitwa Live: hurekodi sekunde moja na nusu kabla hujabonyeza na moja na nusu baadaye. Yaani inakukamata kabla hujajiweka sawa. Harusi nzima tukaitazama hivyo, vipande vya sekunde tatu tatu. Shangazi akimkanyaga mpwa wake ili asimame vizuri. Bwana harusi akinong'onezwa na rafiki yake ni leso ipi. Mjomba mmoja, mzee wa kanisa, akitia kipande cha nyama kwenye mfuko wa ndani wa koti, kisha tabasamu la picha. Hicho tulikirudia.

Kisha ikaja ya mama mkwe mwenyewe, ameketi na wenzake, sahani ya pilau yangu mapajani. Kwa Kikuyu, kwa sauti safi kabisa, akasema: "Huyu mke wa mwanangu, angejua tu…" Na kipande kikaisha.

Kijana, ambaye sijui alimrithi nani, akakirudisha. "Huyu mke wa mwanangu, angejua tu…" Wifi akakumbuka kuna vyombo jikoni. Nikauliza, kwa Kikuyu, ningejua nini. Mama mkwe alinitazama kwa muda, akasema alikuwa anataka kunisifu. Baba Watoto, kwa haraka ambayo sijawahi kuiona akibomba maji, akasema kesho asubuhi tunaenda mjini kwa fundi.

Tukaenda. Namba 23, Waiyaki Way, foleni kuanzia Kangemi mpaka Westlands, Baba Watoto amekumbatia CPU ndani ya gunia. Kondakta akaitazama. "Mzee, huo ni mzigo. Lipia kiti chake." Akalipa. Wifi alificha simu ndani ya soksi, maana alikuwa amesikia mengi kuhusu mjini, na akatembea akichechemea hadi Luthuli Avenue.

Mtaa ule, wenye jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1960, ndiko Nairobi inakonunua redio, spika na runinga zake. Tangu uliporekebishwa mwaka 2019 una nafasi ya kutembea, na mtu mwenye gunia anaweza kupita bila kutukanwa sana. Fundi tuliyempata alikuwa msichana wa rika la kijana wetu, ana kibanda cha upana wa meza. Alitusikiliza, akaangalia gunia.

"Mzazi, hii CPU mmeileta ya nini?"

Hakuigusa. Aliichukua simu, akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya picha, akashuka mpaka mwisho kabisa ambapo pana maneno kuhusu kuhamishia kwenye Mac au PC. Ilikuwa imewekwa kutunza picha asilia. Akaiweka kwenye otomatiki, na sasa simu yenyewe ikawa inazigeuza kuwa JPEG zinapotoka. Akazipitisha kwenye kompyuta yake hadi kwenye flashi, chache chache, kwa sababu ukizisukuma zote pamoja simu huchelewa kuzigeuza na kompyuta hukata ikidai kifaa hakifanyi kazi. Mia tano. Baba Watoto aliuliza kama bei hiyo inajumuisha kukagua CPU. Akaambiwa CPU ni nzima, airudishe nyumbani.

Albamu sasa iko kwa mama mkwe, na mjomba yumo, koti limefungwa vifungo vyote. Mama mkwe bado hajaimaliza sentensi yake, na ile faili ya sekunde tatu nimeitunza kwenye flashi yangu.

Nawe msomaji, ukialikwa harusini na simu ya aina hiyo, gusa ile alama ya miduara juu ya skrini uizime Live kabla hujapiga picha ya kwanza. Kisha ingia kwenye mipangilio uiambie kamera itunze chaguo lako, la sivyo utakapoifungua tena itakuwa imejiwasha yenyewe.